Nguo Moja, Mara Ngapi?

Video hizi unazijua. Dada amesimama mbele ya kioo cha kabati, kitandani kuna kiroba, na kutoka kwenye kiroba anatoa nguo moja moja: blauzi tatu, sketi ya jinzi, gauni la maua, koti zito ambalo kwa joto la Dar es Salaam sijui atalivaa lini. Kila nguo inatajwa bei. Mwisho anajumlisha: nguo kumi na mbili, shilingi elfu sitini, zote za soko la Karume. Wafuasi wanauliza kibanda kipi na saa ngapi. Naye anafunga kwa maneno ambayo siku hizi hayakosekani, kwamba mtumba unabana matumizi na unaokoa mazingira.

Sina ugomvi na dada huyu. Bei zake ni za kweli, na jicho la kuchagua analo. Ninachobishana nacho ni hesabu. Bei kuwa rahisi ni jambo moja, kubana matumizi ni la pili, na nguo isiyoiumiza dunia ni la tatu. Yote matatu yanaweza kukutana katika vazi moja, lakini hayakutani kwa sababu tu nguo imetoka mnadani. Aliyenunua nguo kumi na mbili za elfu tano tano ametumia elfu sitini, na ikiwa nane kati ya hizo zitavaliwa mara mbili tatu kisha zisukumwe chini ya kabati, hajabana kitu. Amelipa kidogo mara nyingi.

Ili tuelewane, turudi sokoni kwanza.

Kontena likishushwa bandarini, mzigo huenda kwa wauzaji wa jumla, na mwenye kibanda ananunua belo likiwa limefungwa. Haoni kilichomo ndani zaidi ya maandishi ya nje: blauzi za kike, suruali za watoto, mashuka. Kenya belo la kawaida lina kilo 45. Mzoefu hulisoma kwa alama ya kampuni iliyochambua mzigo na nchi ulikotoka, na bado anaweza kupata hasara: analifungua anakuta nusu ni fulana za mbio za hisani zenye majina ya wadhamini kifuani. Hasara hiyo hairudishwi na mtu.

Kamba za belo zinapokatwa asubuhi, wanaolizunguka si wanunuzi wa kawaida. Ni wachuuzi wenzake, wenye maduka ya mtaani, na siku hizi dada na kaka wa Instagram. Gikomba, Nairobi, nguo bora za belo huitwa kamera, na zile za mwisho kabisa huitwa fagia. Kati ya kamera na fagia kuna siku nzima ya bei kushuka. Blauzi iliyokuwa elfu nane saa moja asubuhi, kama haikupata mtu, alasiri iko kwenye lundo la elfu moja moja, juu ya turubai, na muuzaji sauti imemkauka.

Muuzaji wa mitandaoni ameingia kwenye saa ile ya kwanza. Anachukua kamera, anafua, anapiga pasi, anapiga picha kwenye ukuta wenye mwanga mzuri, kisha anauza elfu ishirini na tano, na nauli ya bodaboda juu yako. Wapo wanaomlaumu kwa faida hiyo. Mimi siwaungi mkono; kuna muda, sabuni, umeme, ujuzi, na nguo zilizomdodea ambazo hazionyeshi kwenye ukurasa wake. Lakini kadiri wanaochota mapema wanavyoongezeka, ndivyo mama anayetoka kazini saa tisa anavyokuta lundo lisilo na cha maana, au anakuta cha maana kwa bei ya dukani. Soko ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kumvika mtu wa kipato cha chini linaanza kuwa ghala la nyuma la maduka ya mitandaoni.

Uzito wa soko lenyewe usidharauliwe. Kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2021 na taasisi ya utafiti wa uchumi ya IEA ya Nairobi, Kenya iliingiza tani 185,000 za mitumba mwaka 2019, na zaidi ya kaya tisa katika kila kumi zilikuwa zikinunua mitumba ya bei isiyozidi shilingi elfu moja ya huko. Hao hawakununua kwa ajili ya mazingira. Walinunua kwa sababu mtoto amekua na viatu havimtoshi.

Sasa, nguo hizo zinatoka wapi? Jibu la haraka ni Ulaya na Marekani, kwa watu waliofungua makabati wakagawa. Jibu kamili ni refu. Nguo iliyotupwa kwenye sanduku la hisani huko Uingereza au Ujerumani mara nyingi huuzwa kwa kilo kwa kampuni za kuchambua, na uchambuzi huo mwingi hufanyika Poland, Pakistani na Falme za Kiarabu kabla mzigo haujaelekea Mombasa au Dar es Salaam. China nayo imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mitumba kwa Kenya. Kwa hiyo nguo iliyoshonwa Guangzhou inaweza kuvaliwa Manchester mara tatu, ikachambuliwa Karachi, ikauzwa Gikomba. Imesafiri kuliko wengi wetu.

Na inapofika huku imechoka kwa sababu tangu mwanzo haikushonwa idumu. Mwaka 2017 taasisi ya Ellen MacArthur Foundation ilitoa ripoti iliyobadilisha mazungumzo ya biashara hii. Ilionyesha kwamba katika miaka 15 hivi uzalishaji wa nguo duniani ulikaribia kuongezeka maradufu, huku mara ambazo nguo moja huvaliwa kabla ya kuachwa zikipungua kwa asilimia 36. Ilionyesha pia kwamba malighafi ya nguo inayorudi kuwa nguo mpya haifiki asilimia 1. Mengine yote yanayosemwa majukwaani kuhusu nguo za kijani, nguo za kimaadili na nguo za urejelezaji nayapima kwa namba hizo.

Kampuni iliyoujua mchezo huu kuliko zote ni Shein, iliyoanzia China mwaka 2008 na sasa ina makao yake makuu Singapore. Haina haja ya kukisia msimu ujao watu watapenda nini. Inaingiza mitindo mipya kwa maelfu, inashona kiasi kidogo cha kila mmoja, inaangalia vidole vya wateja vinabonyeza wapi, kisha inaagiza zaidi ya ule uliobonyezwa. Mashine hiyo haiendi bila mafuta, na mafuta yake ni washawishi wa mitandaoni: msichana anatumiwa furushi la nguo, anazijaribu mbele ya kamera, anawapa wafuasi namba ya punguzo, na kila anayenunua kwa namba hiyo anamwingizia kamisheni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuijua namba ya punguzo.

Tatizo la mshawishi, ambalo watu hawalioni kwa sababu wanamtazama uso, ni kwamba kazi yake hairuhusu nguo kurudiwa. Akivaa gauni lile lile Jumatatu na Ijumaa, video ya Ijumaa haina habari. Analipwa kwa upya. Hata akiwa muumini wa kweli wa kubana matumizi, hata akiwa hanunui dukani kabisa, bado kila wiki anahitaji kiroba kipya cha kumwaga kitandani. Ndiyo maana video za mitumba zimeishia kufanana na video za Shein: furushi ni lile lile, kioo ni kile kile, kilichobadilika ni lebo ya nguo na kiasi cha kujisifu. Mtumba uliokuwa dawa ya mitindo inayopita haraka umegeuzwa kuwa mtindo unaopita haraka.

Ufaransa wameanza kuligusa suala hili kwa sheria. Juni 2023 walipitisha sheria inayomlazimu mshawishi atamke wazi pale anapolipwa kutangaza. Machi 2024 Bunge lao likapitisha muswada wa kubana mitindo ya kasi na matangazo yake, na Juni 2025 Seneti nayo ikapitisha toleo lake, lenye kipengele cha kuwazuia washawishi kuzitangaza kampuni za aina hiyo. Mwezi uliofuata Shein ilitozwa faini ya yuro milioni 40 huko huko Ufaransa kwa mapunguzo ya bei yaliyopotosha wanunuzi. Huku kwetu, Kenya kupitia sheria ya fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui ya mtandaoni. Serikali imeuona mfuko wa mshawishi. Kinachotoka mdomoni mwake bado hakijaishughulisha sana.

Mwaka 2023 lilizuka wimbi la vijana wa Marekani na Ulaya kurekodi video za kuwaambia watu wasinunue, na mwaka uliofuata likaja jingine la kuonyesha maisha ya vitu vichache: kopo moja la losheni lililokatwa lipanguswe mpaka mwisho, viatu vya miaka minne, taulo lililotoka nyuzi. Zilipata watazamaji kwa mamilioni. Nilizitazama kwa kicheko kidogo, kwa sababu nimekulia katika nyumba ambayo kulikata kopo la mafuta lilikuwa jambo la kila mwisho wa mwezi na hakuna aliyepiga picha.

Katika nyumba nyingi za kwetu nguo ina safari inayojulikana. Inaanza kuwa ya kutokea: kanisani, msikitini kwenye Idi, harusini. Rangi ikianza kupauka inakuwa ya kazini au sokoni. Baadaye inakuwa ya kushindia nyumbani, halafu ya kulalia, au inapunguzwa impate mdogo wake. Mwisho inachanwa kuwa tambara la deki, na kama ni kanga, kabla ya kufika huko imekwisha beba watoto wawili watatu mgongoni. Hakuna ngazi inayorukwa. Mtu aliyezoea safari hiyo haulizi nguo inagharimu kiasi gani tu, anauliza itashuka hadi wapi. Blauzi nyepesi ya poliesta iliyokwisha chakaa haifai hata kudekia, hainyonyi maji.

Sitaki hata hivyo tuwe watu wa kujipongeza. Ufukara ukimlazimisha mtu kuvaa nguo moja mpaka ichanike, hilo si fundisho kwa mtu yeyote, na mwenye kuchanikiwa angefurahi sana kuwa na nguo tatu. Isitoshe, sisi wenyewe tuna ufujaji wetu, wa nyumbani kabisa, ambao hakuna kampuni ya kigeni ya kuisingizia. Naongelea sare za shughuli.

Mwenye mji atajua ninachosema. Ndoa moja siku hizi ina kitchen party, ina sendofu, ina harusi yenyewe, na Pwani kuna mkesha wa hina na singo juu yake. Kila tukio lina sare. Kamati inachagua kitambaa, mtu mmoja anapewa kazi ya kwenda Kariakoo kukichukua kwa jora, bei inatangazwa kwenye kundi la WhatsApp, na siku ya mwisho ya kulipa inawekwa kana kwamba ni ada ya shule. Upande wa bibi harusi wana rangi yao, upande wa bwana yao, mashangazi yao, marafiki wa kazini yao. Msiba nao siku hizi una fulana zenye picha ya marehemu. Baada ya shughuli, gauni la satini la rangi ya peachi linakwenda wapi? Huwezi kulivaa kwenye shughuli nyingine, watakuona huna nguo. Huwezi kulivaa ofisini. Limeshonwa kubana, kwa hiyo hata la kushindia haliwi. Linaning'inia.

Nimewahi kusikia utetezi wake, na una uzito: sare ni mchango. Aliyeivaa anasema niko nanyi, na picha ya mashangazi kumi na wawili waliofanana ni kitu kizuri kutazama. Nakubali. Pwani, hata hivyo, walikuwa na jibu bora tangu zamani. Waliposhona sare ya leso au kijora cha pamba, walikuwa wanagawana kitu ambacho kesho yake kinaingia jikoni, kinafunga mtoto, kinatandikwa. Mshikamano ulikuwepo na kitambaa kilifanya kazi. Kilichoharibika ni kuingia kwa satini na leisi za kung'aa za siku moja, na hapo washawishi wetu wana mkono mkubwa, maana ukurasa wa mitindo ya sendofu ndio unaopendwa kuliko yote.

Tufanye hesabu niliyoisema mwanzo. Namba ni za mfano, weka zako. Gauni la mtumba la shilingi 8,000, limevaliwa mara mbili: kila uvaaji umekugharimu 4,000. Jinzi ya mtumba ya 20,000, ukampa fundi 3,000 akapunguza kiuno na kupandisha pindo, ukaivaa mara moja kwa wiki kwa wiki 92, yaani karibu mwaka na miezi tisa: kila uvaaji ni shilingi 250. Sare ya sendofu, kitambaa 35,000 na ushonaji 25,000, umevaa jioni moja: kila uvaaji ni 60,000, bado hujalipa mchango wenyewe. Katika nguo hizo tatu, jinzi iliyokuwa ghali kuliko gauni mnadani ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote, mara kumi na sita kuliko hilo gauni la bei poa.

Hesabu hii ina uzuri kwamba inafanya kazi pia kwa upande wa mazingira bila kuhitaji mahubiri. Maji yaliyotumika kulima pamba ya fulana moja, ambayo makadirio yanayotajwa sana huyaweka kwenye lita 2,700, yamekwisha tumika. Ukiivaa mara kumi au mara mia, hayaongezeki. Kinachobadilika ni mara ngapi za uvaaji zimegawana maji hayo. Na hapo hakuna tofauti kubwa kati ya mtumba na nguo mpya ya dukani. Iliyovaliwa sana imeshinda. Ninawajua watu ambao hawajagusa mtumba maisha yao yote, wanashonesha mashati mawili kwa mwaka, na makabati yao hayana cha kuaibisha.

Kwa hiyo anayeingia sokoni leo aangalie nini? Geuza nguo ndani nje kabla hujaipima mwilini. Mshono ulionyooka, wenye ovaloki safi na kitambaa cha ziada kilichoachwa pembeni, unamaanisha mtu aliyeishona alitaka idumu, na unamaanisha fundi wako ataweza kuiongeza ukinenepa. Mshono uliokatwa ukingoni kabisa haumpi fundi pa kushika. Kagua kwapa na mapaja, ndiko nguo hufia. Kola iliyolika upande mmoja isikutishe kama shati lenyewe ni zuri. Fundi mwenye subira anaifumua, anaigeuza na kuishona upya. Zipu mbovu inabadilishwa. Doa la kutu na kitambaa kilichoanza kuota vifundo havibadiliki, achana navyo. Kanuni ya nguo za ndani sihitaji kuirudia: Tanzania mtumba wake umepigwa marufuku, na bado unauzwa mchana kweupe.

Kisha kitambaa. Lebo ikiwepo isome. Ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja pindoni (kwa adabu, muuzaji akiwa amekuruhusu) ukauchome nje ya kibanda. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Sisemi poliesta ni haramu. Sare ya shule ya mchanganyiko wa pamba na poliesta inavumilia mtoto wa darasa la tatu kuliko kitambaa chochote ninachokijua, na kuvumilia ndiko tunakokutafuta. Lakini poliesta tupu mwilini, kwenye jua la saa saba Kariakoo, utaivua mapema na hutairudia, na kila inapofuliwa inaachia vijinyuzi vya plastiki ambavyo havionekani na macho, navyo huishia kwenye maji.

Jambo la mwisho la sokoni ni gumu kuliko yote: nenda ukiwa na orodha. Anayekwenda kutafuta suruali nyeusi ya kazini anaweza kurudi na suruali nyeusi, au kurudi mikono mitupu. Anayekwenda kuangalia tu atarudi na kiroba.

Wapo wanaoona mjadala wote huu ni kuzungukazunguka tu, na kwamba dawa ni kupiga mtumba marufuku. Wamejaribu. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa hatua kwa hatua hadi 2019. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao, na serikali hiyo ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye AGOA, mpango uliokuwa ukituruhusu tangu 2000 kuuza bidhaa kule bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema, kwa kuwa viwanda vyake vinavyoshona nguo za Marekani vilikuwa na cha kupoteza. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda peke yake ilikaza: ilikuwa imekwisha pandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Agosti 2023 Rais Museveni naye alitangaza marufuku Uganda. Soko la Owino, Kampala, halikufungwa.

Nina huruma na hoja ya marufuku. Anayekumbuka kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, anajua kwamba tuliwahi kujivika. Lakini kusema mtumba peke yake ndio uliua viwanda ni kuwasamehe wengine wengi: mitambo iliyochakaa bila vipuri, umeme wa kukatika, madeni, na milango iliyofunguliwa ghafla miaka ya 1980 kwa kila bidhaa. Leo hii ukiuondoa mtumba, pengo halijazwi na pamba ya Shinyanga iliyosokotwa Mwanza. Linajazwa na nguo mpya za poliesta za bei chee kutoka Asia, ambazo mnunuzi wake ndiye wa kwanza na wa mwisho kuzivaa. Tukumbuke pia zinavyoshonwa. Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, Bangladesh, lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao mafundi cherehani wa nguo za maduka ya bei nafuu ya Ulaya na Marekani.

Wanaotetea mtumba nao wana la kujibu, nalo linanuka kando ya mto Nairobi nyuma ya Gikomba. Ripoti ya Februari 2023 iliyoandaliwa na Clean Up Kenya na Wildlight kwa ajili ya shirika la Changing Markets ilidai kwamba zaidi ya nguo moja kati ya kila tatu za mitumba zinazoingia Kenya ina plastiki ndani yake na ni duni kiasi cha kugeuka takataka moja kwa moja au baada ya muda mfupi. Umoja wa wafanyabiashara wa mitumba ulikanusha, ukisema hakuna mwenye akili anayelipia kontena la taka. Nadhani pande zote mbili zinasema kweli kuhusu vitu tofauti. Mfanyabiashara anaita taka kile asichoweza kukiuza hata kwa shilingi mia. Mwanamazingira anaita taka fagia iliyouzwa kwa shilingi mia, ikavaliwa wiki mbili, ikaishia dampo la Dandora. Kibiashara hiyo ya pili ni mauzo. Kwa mto haina tofauti.

Na mzigo hautapungua. Tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine. Ni sheria nzuri kwao, lakini maana yake nguo nyingi zaidi zitahitaji pa kwenda, na nyingi za hizo zitakuwa zile zilizoshonwa zivaliwe mara chache tu.

Kampala kuna mbunifu, Bobby Kolade, ambaye mwaka 2022 kupitia lebo yake ya Buzigahill alianza kununua mitumba Owino, kuifumua, kuiunga upya na kuiuza kwa wateja wa nchi zilikotoka. Mradi aliuita kwa Kiingereza jina lenye maana ya kumrudishia aliyetuma. Nauheshimu kwa kejeli yake na kwa ufundi wake. Ila nguo zake chache za bei ya kibunifu hazigusi mlima wa belo, na nadhani yeye mwenyewe hajidai hivyo. Kazi ya kuunga upya kwa bei ya mwananchi inafanywa na fundi wa kibarazani mwenye cherehani moja ya kukanyaga, ambaye leo asubuhi amepunguza suruali nne, amebadilisha zipu mbili na kugeuza shuka kuwa mapazia. Katika video za kiroba kitandani huyu haonekani kabisa. Nguo inatoka sokoni ikiwa imeshakaa vizuri mwilini, kana kwamba Mungu alimshona dada kwa kipimo cha belo.

Ningependa kumwona fundi huyo kwenye video, na bei yake itajwe kama bei ya blauzi inavyotajwa. Ningependa mshawishi aonyeshe sketi ya Januari tena mwezi wa tisa, aseme imefuliwa mara ngapi na imepauka wapi. Wanaojua biashara ya mitandao wataniambia hakuna kampuni itakayolipia video ya namna hiyo, kwa kuwa muuzaji wa nguo anataka uuziwe nyingine. Sawa, tusimwombe yeye. Anayetengeneza sabuni ya unga anataka nguo yako idumu uendelee kuifua. Anayeuza pasi, uzi, zipu na cherehani anataka hivyo hivyo, na baadhi yao wana bajeti ya matangazo kubwa kuliko duka lolote la nguo mjini. Hadi sasa wanaitumia kudhamini vipindi vya mapishi na matamasha. Dada mwenye wafuasi laki mbili na sketi moja nzuri angeweza kuanza kwa kuwapigia simu hao.